Vidonge vya "mmea wa jangwani" vimenikata njaa, lakini moyo unadunda usiku

"Daktari, nina miaka 38, naishi Arua, Uganda, na nina watoto watatu. Uzito wangu ni kilo 94, urefu sentimita 160. Nina presha, natumia amlodipini kila siku, na kliniki waliniambia sukari yangu iko mpakani. Mwezi uliopita nilinunua kwa WhatsApp kopo la vidonge vya mmea wa jangwani, shilingi 90,000. Muuzaji anasema ni kaktasi ambayo wawindaji wa Kalahari huitafuna safarini na hawasikii njaa siku nzima. Njaa kweli imekwisha, siku nyingine nasahau hata chakula cha mchana, na kwa wiki tatu nimepungua kilo 3. Lakini usingizi umepotea, mdomo unakauka, na usiku nasikia moyo unadunda kama nimekimbia. Muuzaji anasema huo ni mwili unatoa sumu. Kaka yangu anafanya kazi Moroto, anasema Karamoja wachungaji nao wana mimea ya namna hiyo. Je, niache vidonge nitafute ule wa asili wenyewe? Kitu cha asili si hakina madhara? Nimejaribu kujinyima chakula mara nyingi, nimechoka."

Dada yangu, kabla ya maelezo yoyote: usimeze kidonge kingine kutoka kwenye kopo hilo. Usipunguze polepole, wala usilimalize kwa sababu hela imeshatoka. Amlodipini yako endelea nayo kama kawaida. Kesho asubuhi pita kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe presha na mapigo ya moyo, na uwaambie wazi umekuwa ukimeza nini. Lakini ukisikia kifua kinabana, pumzi inakatika, kichwa kinauma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, mkono au upande mmoja wa uso unalegea, au ukizirai, usingoje kesho. Amsha mtu akupeleke hospitali ya rufaa usiku huohuo.

Nimeanza na hilo kwa sababu dalili ulizoandika zimenitia wasiwasi kuliko uzito wako. Mwili hautoi sumu kwa kumnyima mtu usingizi na kumdundisha moyo. Kazi ya kutoa taka inafanywa na ini na figo, kimyakimya, na wewe huisikii. Njaa inapopotea ghafla, mdomo ukakauka, usingizi ukaruka na moyo ukaenda mbio, vyote kwa pamoja, mfamasia kama mimi hafikirii mmea. Anafikiria dawa ya viwandani iliyochanganywa humo, na inayomjia kwanza ni sibutramini.

Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito. Inafanya kazi ndani ya ubongo: inazuia kemikali fulani zisirudishwe kwenye neva, zinabaki nje zikiendelea kutuma ujumbe kwamba umeshiba. Kemikali hizohizo ndizo zinazoupa moyo kasi na kubana mishipa ya damu. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya utafiti wa watu karibu 10,000, wengi wakiwa wagonjwa wa moyo au kisukari, kuonyesha kwamba waliokuwa wakiimeza walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi kuliko wasioimeza. Tangu hapo wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wameikuta tena na tena ndani ya makopo yaliyoandikwa "mitishamba tupu". Sababu ni rahisi: mmea ukiwa peke yake haumridhishi mteja. Akihisi njaa imekatika siku ya pili, ataagiza kopo la pili na kumwambia jirani.

Mama mmoja alinijia kwenye duka langu la dawa mwaka juzi na kopo la aina hiyo. Alikuwa wa rika lako, na presha yake siku hiyo ilisoma 168 kwa 104, ingawa dawa yake ya presha alikuwa hajakosa hata siku moja. Nilifungua kidonge kimoja nikamwaga unga wake juu ya karatasi nyeupe kwenye kaunta. Unga ulikuwa wa kijani kilichofifia, kama majani makavu yaliyosagwa, lakini nilipousambaza kwa ncha ya kisu nikaona chembe nyeupe laini zimetapakaa humo, nyingi tu. Nilimweleza ukweli: kwa macho siwezi kusema chembe hizo ni nini, hilo ni la maabara. Ila jani likisagwa linatoa rangi yake, na ule weupe ulikuwa umeongezwa na mtu. Aliacha vidonge. Baada ya wiki mbili alirudi, presha imeshuka, analala. Njaa nayo ilikuwa imerudi, na hilo nitakuja kulizungumza kwa sababu najua ndilo unaloliogopa.

Sasa tuje kwa mmea wenyewe, maana muuzaji wako hakudanganya kila neno.

Mmea upo, unaitwa hoodia. Unaota katika nchi kavu za Afrika Kusini, Namibia, Botswana na Angola. Kwa umbo utadhani ni kaktasi, una mashina manene yenye miiba, lakini si kaktasi. Na ua lake linanuka kama nyama iliyooza ili kuwavuta nzi walichavushe. Wasan, wawindaji wa asili wa jangwa la Kalahari, wameujua tangu zamani. Mwindaji aliyefuata mnyama siku mbili tatu mbali na nyumbani alikata kipande cha shina, akakwangua miiba, akatafuna kikiwa kibichi. Kilimpunguzia njaa, na kwa kuwa kina maji mengi, kilimpunguzia kiu pia.

Taasisi ya utafiti wa sayansi na viwanda ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, ilianza kuuchunguza mmea huo miaka ya 1960. Katikati ya miaka ya 1990 ikasajili hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, ya kemikali iliyoitenga humo, ikaipa jina P57. Wenye ujuzi huo hawakuulizwa. Wasan walipokuja kujua, wakadai haki yao, na mwaka 2003 ukatiwa saini mkataba wa kuwapa asilimia 6 ya mrabaha, yaani malipo ya kutumia ugunduzi huo, ambao CSIR ingepata. Nilipousoma mkataba huo mara ya kwanza nilifurahi kwa niaba yao, kisha nikasikitika, kwa sababu mrabaha wa maana hautoki mahali ambapo dawa haijapatikana. Na dawa haikupatikana. Kampuni ya Uingereza, Phytopharm, ilipewa leseni. Ikamshirikisha Pfizer, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, mwaka 1998. Pfizer akarudisha haki zote mwaka 2003. Mwaka 2004 akaingia Unilever, kampuni kubwa ya vyakula na sabuni, akitaka kuuweka katika vyakula na vinywaji. Mwaka 2008 naye akajitoa.

Kwa nini wenye fedha kiasi hicho walikata tamaa? Jibu lilichapishwa mwaka 2011. Wanawake 49 wenye afya na uzito uliozidi walikaa kwenye kituo cha utafiti, na kwa siku 15 wakawa wanakunywa mtindi mara mbili kwa siku. Mtindi wa baadhi yao ulitiwa hoodia iliyosafishwa vizuri, wa wengine ulikuwa mtindi mtupu. Chakula walichokula kilipimwa. Mwisho wa siku hizo, waliopewa hoodia walikula sawa na wenzao na uzito wao ulikuwa sawa na wa wenzao. Kilichotofautiana ni hiki: presha yao ilipanda, mapigo ya moyo yakaongezeka, kichefuchefu na kutapika vikawapata zaidi, ngozi ikawa na hisia zisizo za kawaida, na vipimo vya damu vinavyohusu ini vikabadilika. Zisome tena hizo mbili za kwanza, dada, presha na mapigo ya moyo. Hao walikuwa wazima, nawe una presha tayari. Kwa hiyo hata kama ningekuhakikishia kwamba kopo lako lina hoodia halisi, ningekuambia neno lilelile: acha.

Na nina shaka kubwa kama ni halisi. Hoodia inachukua miaka kadhaa kukomaa, na tangu 2005 imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo kwa kawaida haivuki mpaka wa nchi yake bila kibali. Mtu anayekuuzia kwa simu mjini Arua ana kibali gani mkononi?

Utaniuliza, basi Wasan walikuwa wanajidanganya? Hapana. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mwindaji yule alitafuna shina bichi, chungu, lenye maji, kwa siku chache, akiwa anatembea juani na chakula hakuna. Alitaka kuivumilia njaa mpaka afike kwenye nyama, na akifika alikula. Hakuwa anataka kukonda. Kule jangwani kukonda ni hatari. Wewe una jiko, watoto watatu wa kupikia, sahani mbele yako mara tatu kwa siku, na unataka kupungua na kubaki umepungua kwa miaka. Mmea uliomsaidia yeye katika shida yake haukuahidi kukusaidia wewe katika yako.

Njaa yenyewe haina mlango mmoja. Tumbo likiwa tupu linatoa homoni ya ghrelini inayouambia ubongo "leta chakula". Inapanda saa zile ulizozoea kula, na baada ya muda inashuka hata usipokula. Mafuta ya mwilini yanatoa leptini, ambayo ni kama taarifa ya ghala: akiba imebaki kiasi gani. Chakula kikifika kwenye utumbo, hasa protini na nyuzinyuzi, zinatolewa homoni za shibe, mojawapo inaitwa GLP-1. Tumbo likitanuka, neva zake nazo zinapeleka habari. Yote yanakusanywa katika sehemu ndogo ya ubongo, upande wake wa chini, iitwayo haipothalamasi. Ile habari maarufu ya hoodia ilitoka huko: mwaka 2004 watafiti walidunga P57 moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya, seli za haipothalamasi zikajaa nishati kana kwamba panya ameshiba, na panya wakala kidogo. Ni jambo la kuvutia. Lakini wewe humezi kitu ndani ya ubongo. Unakimeza tumboni penye tindikali, kinapita kwenye ini, kisha ndiyo kinatafuta njia ya kwenda kichwani.

Na ulivyosema umejaribu mara nyingi ukachoka, nataka unisikilize hapa. Mtu akipungua kilo kadhaa, leptini yake inashuka, ghrelini inapanda, na mwili unaanza kutumia nishati kwa ubahili. Ni mwili unaodhani kiangazi kimeingia na unalinda ghala. Wewe unaita kushindwa, ndugu wanaita uvivu, lakini ni homoni zinazofanya kazi yake. Sijawahi kumkemea mgonjwa kwa hilo na sitaanza na wewe.

Mimea mingine utakayotajiwa nitaipitia haraka. Mirungi inakata njaa kweli, waulize madereva wa malori ya usiku. Ina kathinoni, ndugu wa amfetamini, inapandisha presha na kukosesha usingizi. Kwako ni hapana. Utomvu wa njano wa shubiri unaharisha. Kilo zinazopotea ni za maji na chumvi muhimu, na zinarudi ukinywa maji. Mmoja ambao sina ugomvi nao ni isabgoli, maganda ya mbegu za mmea wa nchi kavu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na ya Wahindi. Yanavimba yakikutana na maji, yanajaza tumbo kidogo na kulainisha choo. Msaada wake ni mdogo lakini ni wa kweli. Kijiko kimoja cha chai ndani ya bilauri iliyojaa maji, unywe papo hapo kabla hayajaganda, na bilauri nyingine ya maji juu yake. Usiyameze makavu kamwe, yanaweza kukukaba koo. Weka saa mbili kati yake na amlodipini.

Kuhusu dawa za hospitali, sitakuficha kwamba zipo zinazofanya kazi. Na cha ajabu, njia ya kuzifikia ilipitia jangwani: katika sumu ya mjusi wa majangwa ya Marekani na Mexico ilipatikana kemikali inayofanana na GLP-1 yetu, ikazaa dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Dawa za aina hiyo zilizokuja baadaye, kama semaglutidi, zilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi katika majaribio ya wiki 68. Lakini ni ghali sana, ni za kuandikiwa na kufuatiliwa na daktari, mtu akiziacha uzito mwingi hurudi, na za bandia zimejaa mitandaoni. Ukiweza kumwona daktari bingwa, muulize. Usiinunue kwa yule yule aliyekuuzia kopo.

Sasa njaa itakayorudi ukiacha vidonge. Itarudi ndani ya siku chache, na siku za mwanzo utaiona kubwa kuliko ya zamani. Usiipige vita kwa kufunga mchana kutwa. Mwenye njaa ya mchana kutwa hula sufuria usiku. Anza siku na kitu chenye protini: yai, maharagwe ya jana, au bakuli la uji wa ulezi na karanga. Ukila enyasa au posho, yaani ugali, ipunguze kwa theluthi, na nafasi hiyo ijaze majani ya kunde, dodo (mchicha) au kabichi, pamoja na samaki au maharagwe. Sahani ibaki imejaa. Tumbo linahesabu ujazo. Odii, ule uji mzito wa karanga na ufuta zilizosagwa, ni chakula kizuri na sitaki uiache, lakini ipime kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 100, na mkono wa mpishi wa kwetu haujui kuweka kimoja.

Halafu vinywaji. Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote kama ningekuwa wewe. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai, na haishibishi. Chai yenye vijiko vitatu, mara nne kwa siku, ni vijiko kumi na viwili. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Sukari yako iko mpakani, kwa hiyo hapo unapata faida mara mbili. Chumvi nayo ipunguze kwa ajili ya presha, hasa ile ya vibonge vya mchuzi.

Lala. Mtu aliyepata usingizi wa saa nne tu hula zaidi kesho yake, na wewe umeshapoteza usingizi wiki tatu. Tembea nusu saa jioni, hata kwenda na kurudi sokoni badala ya boda.

Lengo langu kwako si kilo 60. Ukipungua asilimia 5 tu, yaani kilo nne na nusu hadi tano, kwa miezi mitatu hadi sita, presha na sukari vyote huwa vinaonyesha nafuu. Ukifika hapo ukakaa, umefanya kazi kubwa, na hapo ndipo tutazungumza kuhusu hatua inayofuata.

Umeuliza kama cha asili hakina madhara. Nchi yetu yenyewe ina jibu. Ule mti uitwao enkukuulu kwa Kiganda, wenye mikono iliyosimama kama kinara cha mishumaa, na mnyaa tunaopanda kuwa uzio, yote ni ya asili. Ukiikata inatoa maziwa meupe. Yakiingia jichoni yanaweza kupofua, yakiingia mdomoni yanaunguza mpaka koo. Mtu asiyeijua mimea ya nchi kavu anaweza kuchanganya shina nene lenye miiba la mmea mmoja na la mwingine kirahisi sana. Kwa hiyo kaka yako asikate shina lolote huko Moroto akakutumia kwa basi. Mchungaji anayetafuna kitu porini alionyeshwa na babu yake ni kipi, sehemu gani na kiasi gani, na maarifa hayo hayasafiri ndani ya mfuko wa kaveera.

Ila mimea ya nchi kavu ya Karamoja ninayoijua mimi ni ya kushibisha. Majani ya mti wa ekorete yanachemshwa wakati wa kiangazi, maji ya kwanza yanamwagwa uchungu upungue, na yanaliwa kama mboga. Kaka yako akitaka kukuletea kitu kutoka huko, akina mama wa sokoni wampe hayo, na wamweleze yanavyopikwa.

Vidonge vilivyobaki usivitupe na usimpe mtu. Funga kopo ndani ya mfuko pamoja na picha ya mazungumzo yako na muuzaji, uende nalo kituo cha afya. Wakiona inafaa walifikishe kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ambayo ina maabara ya kulipima. Waombe wakupime presha, sukari ya kufunga na, kama wana uwezo, ini. Wakikuta presha iko juu ya 180 kwa 120, kubali kulazwa. Ikiwa iko chini ya hapo lakini bado juu, rudi ipimwe tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki mbili, na dawa isibadilishwe kwa kipimo kimoja cha siku ambayo bado una vidonge hivyo mwilini. Na kama unanyonyesha au kuna uwezekano wa ujauzito, hilo hukuliandika, waambie kabla ya yote.